Nilivyoipima Miguu ya Mama Mkwe kwa Mdomo

Mie sikusoma. Darasa la tatu niliingilia mlangoni nikatokea dirishani, na mwalimu nadhani siku hiyo alichinja kuku. Lakini mdomo ninao. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagika Dar, nilikuwa na meza yangu pale Tandika, na Temeke nzima hapakuwa na mtu wa kunizidi kelele. Nilikuwaga nanyanyua koti lina tundu mgongoni, nasema, "Koti hili limepigana vita mbili, zote limeshinda, tundu ndiyo medali yake!" Watu wanacheka, wananunua. Kuna mzee mmoja wa Ukonga nilimuuzia koti la manyoya mwezi wa pili, jua la kukaangia mayai juu ya bati. Akalivaa palepale akaondoka nalo, jasho linamchuruzika mpaka kwenye viatu, na bado akageuka kunipungia mkono.

Kwa hiyo mie kutia chumvi sikuhesabu kama dhambi. Nilihesabu kama kipaji. Sasa hii ninayotaka kuwaelezea ndiyo siku kipaji chenyewe kilinitia aibu ambayo mpaka leo nikilala upande inanilalia upande huohuo.

Nianze na mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke wa vitumbua, pande la mama, sauti yake akiita mteja Tandika wanamsikia Mbagala. Alimzaa mke wangu peke yake, hakuna mwingine. Na mie nilimheshimu mama huyo mpaka ikawa kichekesho. Kwetu mkwe si mtu wa kumzoea. Mkikutana njiani unampisha, unachuchumaa pembeni, unaamkia macho chini. Siku moja nimevaa suti yangu mpya, mpya kwa mitumba, nikamuona anakuja na beseni kichwani, njia nyembamba, hakuna pa kumpishia. Nikajirusha mtaroni. Maji mpaka kiunoni! "Shikamoo mama!" Akajibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" kama vile ni jambo la kawaida kuamkiwa na mtu aliye mtaroni, akapita zake. Miaka sita ya ndoa nilikuwa sijui macho yake yana rangi gani. Nilizijua ndala zake tu.

Sasa mwaka huo wa sita mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili. Siku ya tisa ya uzazi, mama yake akaanza homa. Mara ya kwanza tukasema malaria, akanywa dawa. Siku ya tatu akawa anaweweseka, anauza vitumbua kwa watu ambao hawapo. Siku ya nne hakuuza tena. Mke wangu mzazi, yuko ndani na arobaini yake, hatoki. Mama yake mdogo, yaani mdogo wake mgonjwa, yuko Rufiji, ametumiwa salamu. Nimebaki mie. Nikakodi pikapu ya mtu wa nyanya, tukampakia na majirani, tukaenda naye hospitali. Hospitali gani sisemi, maana kosa lililotokea halikuwa la kwao.

Wakamuweka kwenye chumba cha mahututi. Usifikirie chumba cha mahututi cha kwenye luninga. Vitanda sita, nesi mmoja, kipimo cha presha kimoja kinazunguka kitanda hadi kitanda kama sahani ya pilau. Daktari alikuwa mzee wa bara, mrefu, mpole, anaongea polepole kama anayehofia maneno yatamuishia. Akamuangalia mgonjwa, akaniita pembeni.

"Wewe ni mwanawe?"

"Mkwe, dokta."

"Sawa. Huyu mama ana maambukizi yameingia kwenye damu. Presha imeshuka sana. Nampa maji ya dripu na dawa. Lakini moyo wake siuamini. Maji yakiwa machache, damu haifiki mwilini. Yakiwa mengi, moyo unashindwa kuyasukuma, yanaingia kwenye mapafu, mtu anazama akiwa kitandani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dokta. Kama bomba la mtaani kwetu. Likikosa presha tunakufa kiu, likiwa nayo linapasuka."

Akatabasamu. Nikafurahi nimemchekesha daktari. Halafu akasema kuna mpira mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa shingo mpaka karibu na moyo, unaonyesha moyo unabeba mzigo kiasi gani. Anao mmoja. Anaomba ruhusa ya ndugu.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nikasahau niko hospitali, nikadhani niko mezani kwangu. "Shingoni! Mpaka kwenye moyo! Dokta, huyu ni binadamu au kisima mnataka kuchimba? Leo mtaingiza mpira, kesho mtashusha ndoo!" Wagonjwa wenyewe waliokuwa wanajiweza wakacheka. Mama mmoja wa kitanda cha pili, ana bandeji kichwa kizima, alicheka mpaka nesi akamwambia anyamaze, atafungua mshono. Na mie nikizomewa najirekebisha, lakini nikichekewa sijui kuacha. Nikaongeza na nyingine mbili tatu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilimuona akilini mke wangu ananiuliza, umewaruhusu wamchome mama shingo? Nikaona bora nikatae kwa mzaha kuliko kukubali kwa hofu.

Daktari hakukasirika. Akasema, "Sawa. Mpira wenyewe una hatari zake, sikulazimishi. Wenzetu huko ng'ambo wana mashine inauangalia moyo juu ya ngozi tu, bila kuchoma mtu. Sie tuna mikono. Mikono nayo inafanya kazi, ila inataka mtu mwaminifu."

Akanipeleka kitandani, akanionyesha. Kwanza akaibonyeza kucha ya mkono ya mama, ikawa nyeupe, akaiachia, akahesabu mpaka wekundu uliporudi. Halafu akamshika mshipa wa mkono, akamwambia nesi amnyanyue mama miguu yote miwili juu, akatulia, kama fundi redio anayetafuta stesheni. "Umeona?" akaniambia. "Miguu ikinyanyuliwa, damu ya miguuni inarudi kwenye moyo. Mapigo yamepata nguvu. Maana yake kwa sasa moyo unayataka maji." Mie sikuona kitu, lakini nikasema, "Nimeona kabisa!"

Halafu akaweka kiganja chake kwenye kidole gumba cha mguu wa mama, akapandisha mpaka kwenye goti. "Hii ndiyo kubwa. Sasa hivi miguu ni ya moto. Moyo ukianza kuchoka, unaitupa miguu kwanza. Vidole vinapoa, halafu unyayo, halafu ubaridi unapanda. Nesi ana vitanda sita, hawezi kushika miguu ya mtu kila saa. Wewe huna kitanda kingine. Kila saa weka mkono hapa, mwambie nesi, moto au baridi. Ikianza kupoa hata kidogo, aniite mara moja. Tutafunga maji, tutampa dawa ya kuupa moyo nguvu. Unaweza?"

Nikasema naweza. Kwa sauti kubwa. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Daktari akaenda wodi nyingine. Nesi akaenda kitanda cha tano. Nikabaki mie na miguu ya mama mkwe.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nikiwaambia watoto wa siku hizi wananiona punguani. Miguu ile ilikuwa imetoka nje ya shuka mpaka chini ya goti. Mie sijawahi kumgusa mama yule hata kidole. Zawadi akinipa anaiweka chini, naiokota. Sasa niushike mguu wake! Nikanyoosha mkono. Nikaurudisha. Nikanyoosha tena, ukabakiza kama upana wa kiganja hivi kuufikia, nikahisi kama mama atafumbua macho aniulize, mwanangu, imekuwaje? Nikaurudisha, nikavuta shuka, nikamfunika miguu vizuri. Nikajiona nimemstiri. Nilijisifu kabisa moyoni, nikasema, mkwe mwenye adabu ndiye mie.

Saa nne nesi akapita na karatasi yake. Alikuwa binti wa bara, mkali, ana haraka. "Kaka, miguu?"

Hiyo nafasi ilikuwepo. Ningesema, sista, naona haya, huyu ni mkwe wangu, nishikie wewe. Maneno hayafiki hata kumi. Mie ninayeweza kulisifia shati bovu kutwa nzima, maneno kumi yalinishinda.

"Moto, sista!"

Akaandika.

Saa tano. "Kaka, miguu?"

"Moto! Unaweza kuchemshia chai!"

Akacheka, akaandika. Mama wa bandeji akasema, "Huyu kaka huyu atatuua kwa kicheko." Nikazidi kuvimba. Nikawa nazunguka kwenye vitanda vyote sita nawachekesha wagonjwa, najiona mie ndiye dawa. Mwingine nilimwambia dripu yake ni supu ya pweza, asubiri matokeo jioni.

Saa sita nesi akaja akainama kwenye mfuko wa mkojo, maana walikuwa wamemuwekea mama mpira wa mkojo. Akakunja uso. "Umepungua. Kwa saa nzima hii umetoka kidogo sana." Akasimama, akafikiri. Akanigeukia. "Miguu una uhakika ni ya moto?"

"Sista, moto wa pasi!"

"Umeshika sasa hivi?"

"Sasa hivi, mkono huu hapa." Na nikamuonyesha mkono. Nikaunyoosha kabisa, kiganja juu.

"Basi moyo uko sawa, atakuwa bado hajatosheka maji," akasema. Akaifungulia dripu iende kwa kasi, akaenda zake. Na mie niliyaona yale matone yalivyoanza kukimbizana. Niliyaona. Kitu kikaniambia, funua shuka uguse. Nikatazama mlango. Nikasema ngoja mama mdogo afike kutoka Rufiji, ni mwanamke, ni dadake, atashika yeye, na itakuwa bado ya moto, na hakuna atakayejua. Saa saba nikasema tena moto. Safari hiyo sikutia utani. Nilikuwa nimeanza kusikia mama anahema kwa sauti, kama mtu anayepuliza chai.

Saa nane mama mdogo akafika. Mwembamba, mkavu, ametoka safari na vumbi lake. Hakuniamkia, hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja miguuni, akafunua shuka, akashika. Wanawake wetu ndiyo wanavyomuangalia mgonjwa, wanaanzia miguuni.

"Yallah! Mbona barafu?"

"We baba, huyu mtu amepoa mpaka magotini! Mlikuwa mnafanya nini hapa?"

Nesi alikuja anakimbia. Akashika. Nikamuona rangi inavyomtoka. Daktari aliitwa akaja anakimbia na yeye, yule mzee mpole, kiatu kimoja kamba zimefunguka. Akafunga dripu, akaweka kile chombo chake kifuani, akasikiliza mgongoni. "Mapafu yamejaa maji," akasema. Akachukua karatasi akasoma. Akamgeukia nesi.

"Sista. Saa nne moto. Saa tano moto. Saa sita moto, mkojo umepungua, umeongeza maji. Saa saba moto. Mguu uliopoa mpaka goti haukupoa ndani ya saa moja. Nani aliyeyaandika haya?"

"Mimi, dokta."

"Ulishika mwenyewe?"

"Hapana, dokta. Nilikuwa na kitanda cha tano, nili..."

"Hata mkojo ulipopungua, uliandika kitu ambacho hukukishika."

Nesi akainamisha kichwa. Hakunitaja. Hakuninyooshea hata kidole. Na mie nilikuwepo, hatua mbili, mdomo huu huu mnaousikia uko mahali pake, na nilikaa kimya. Nilimuacha yule binti asemwe mbele ya wagonjwa wake. Sijui ilikuwa muda gani. Kwenye hesabu zangu ni mwaka mzima.

Halafu daktari akanigeukia mie. "Kaka, wewe ndiye ulikuwa unashika. Niambie tu, ilianza kupoa saa ngapi?"

"Sasa hivi, dokta. Saa saba ilikuwa moto kabisa."

Ndiyo, nilisema hivyo. Hata hapo.

Akakunja uso. "Kama ni ghafla hivyo, basi si moyo kuchoka. Huenda damu imeganda mahali. Hiyo ni habari nyingine kabisa, na dawa yake ni nyingine. Tumgeuze, sista, tuandae..."

Nikaona wanaanza kwenda njia nyingine, wote wawili, kwa sababu ya neno langu. Neno moja nililolitupa kama ninavyotupa mezani. Nikasema, "Sijamshika."

"Unasema?"

"Sijamshika kabisa, dokta. Tangu asubuhi. Ni mkwe wangu. Nimeona haya."

Mama wa bandeji, aliyenicheka kutwa nzima, akageuzia uso ukutani. Mama mdogo akasema polepole, "Haya? Dini yenyewe haikukatazi, mkweo ni mamako. Ungetuambia." Akamshika dadake mguu kwa mikono miwili.

Daktari hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliniangalia kidogo, akasema, "Ungeniambia tu asubuhi unaona haya. Ningemwomba huyo mama wa kitanda cha pili, anatembea. Angekuja kushika." Basi. Halafu akanipa mgongo, akaanza kazi.

Kile kilichofuata sikuelewa chote. Walimkalisha mama, wakampa dawa ya kutoa maji, wakampa nyingine kwenye dripu ndogo ya kuupa moyo nguvu, matone yanahesabiwa moja moja. Kuhusu mpira wa shingoni daktari hakuuliza tena, na mie ningekubali hata wa kupitia utosini. Mama mdogo alishika miguu, anataja kila mara, "Baridi. Baridi bado." Nilisimama dirishani nikimsikiliza. Kila akisema baridi nilikuwa nahesabu nyuma, saa saba, saa sita, saa tano. Karibu na magharibi akasema, "Goti limepata joto." Baada ya hapo joto likashuka kidogo kidogo mpaka vidoleni. Nesi alinipita mara nyingi jioni ile. Nilimwambia, "Sista, nisamehe." Akasema, "Ningeshika mwenyewe," na akaendelea na kitanda chake.

Mama hakufa. Lakini figo zilipata mshtuko, akakaa hospitali wiki nyingi, akatoka amepungua nusu. Miguu ikawa inavimba. Vitumbua vikaisha, hakuweza tena kusimama jikoni wala kubeba beseni. Nilimuuliza yule daktari siku ya kumtoa, nikamuuliza kwa sauti ya chini, ni zile saa zote nne ndizo zilizomfanya hivi? Akasema, "Ugonjwa wenyewe ulikuwa mkubwa. Siwezi kukwambia ni zile saa. Na siwezi kukwambia si zile saa." Hayo ndiyo majibu yangu, na nimeyabeba hivyohivyo, sijaongeza chumvi hata punje.

Sasa sikilizeni kilichoniuma zaidi. Mama mwenyewe, ule mchana wote, hakuwa na fahamu. Alipopata nguvu ya kuuliza habari, watu wa vitanda vingine walishaondoka, mama mdogo amerudi Rufiji na siri yake kifuani, hakumwambia mtu. Mama akaambiwa na nesi mwingine tu kwamba siku ya kwanza alikaa na mkwe wake wa kiume, ndiye aliyepewa kazi ya kumpima miguu. Basi! Mama yule akaibeba habari hiyo kama hati ya nyumba. Kila mgeni anayekuja kumjulia hali anaambiwa. "Mnawajua wakwe nyie? Mie wangu kaniuguza kwa mikono yake! Kaweka haya pembeni, kanishika miguu kutwa nzima. Mwanangu wa kumzaa asingefanya!" Sauti ilikuwa imepungua, lakini kwa hilo alikuwa anaipata. Wanawake wananitazama, wanasema mashaallah. Na mie, bingwa wa kutia chumvi Temeke nzima, nimekaa pale nasikiliza uongo mkubwa kuliko wangu wote, umesimuliwa na mtu asiyejua kuwa ni uongo, na siwezi hata kucheka.

Nikimpelekea uji ananyoosha miguu. "Mwanangu, hebu niangalizie, leo naona imepoa, wewe ndiye unayeijua." Nikawa naishika. Sasa naishika! Kila siku, naanzia kidole gumba napanda mpaka goti, namwambia ukweli. Leo ya moto mama. Leo ina ubaridi kidogo, tukuwekee soksi.

Mezani biashara ikaanza kuniharibikia. Mtu ananiuliza, hili shati linachuja rangi? Nasema, linachuja. Wenzangu wakawa wananiuliza kama nimeokoka.

Kama miezi mitatu hivi nikavumilia, halafu nikashindwa. Ilikuwa mchana, mke wangu amekaa mkekani anachambua mchele, mtoto amelala. Nikamwambia yote. Nikamuanzia kwenye mzaha wa kisima, nikaja kwenye shuka, kwenye moto wa pasi, kwenye mkono niliomnyooshea nesi. Sikujitetea. Alikuwa anachambua tu, haniangalii. Nilipomaliza akasema:

"Kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa nne mpaka saa nane."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. Akatoa jingine.

"Nitakwenda kumwambia leo," nikasema. "Nitamwambia mbele ya watu, aache kunisifu."

"Hutamwambia."

"Mke wangu, kila siku ananisifu uongo."

"Ndiyo. Na asubuhi akiamka hana kitumbua, hana mteja, hana miguu. Ana hiyo habari yako tu. Unataka umchukulie na hiyo ili wewe ulale vizuri?" Sasa akanyanyua uso, akaniangalia. "Utakaa pale utasifiwa. Akimaliza kukusifu utamwambia ahsante mama."

Akarudi kwenye mchele wake. Nje wakapita wageni wawili, wanawake, wanauliza nyumba ya mama anayeumwa ni ipi, wamekuja kumpa pole. Mke wangu akaniambia niwapeleke. Nikavaa ndala, nikawapeleka.